Viti vya Mahogani Vyenye Mikono vya Uingereza ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila kiti cha aina hii kinapogeuzwa juu chini, iwe mnadani, dukani au karakanani. Tumeanza na ya msingi, yale magumu yako mwishoni. Pale jambo linapokuwa limekwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Ya msingi

1. Kiti cha mahogani cha Uingereza ya zamani ni kipi hasa?

Ni kiti kilichotengenezwa Uingereza kwa mbao ya mahogani kati ya miaka ya 1720 na 1830 hivi, enzi ya wafalme wanne walioitwa George. Vilivyofuata, vya enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) na ya Edward wa Saba (1901–1910), navyo ni vya zamani, lakini vingi ni marudio ya mitindo ile ya awali. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika bei na katika namna ya kukitunza kiti.

Tukubaliane maneno. *Taji* ni ubao wa juu kabisa wa mgongo. *Ubao wa mgongo* ni ule wa katikati, uliosimama, ambao fundi huutoboa nakshi. *Fremu ya kikalio* ni zile mbao nne zinazozunguka mahali pa kukalia. *Mataruma* ni mbao nyembamba zinazounganisha miguu kwa chini. *Nguzo ya mkono* ni kipande kifupi kinachobeba mkono kutoka kwenye fremu. Mguu wa nyuma na *mhimili* wa mgongo, ule mti wa ubavuni uliosimama, ni mti mmoja usio na kiungo. Ukikuta kiungo hapo, kiti kilivunjika.

2. Kwa nini mahogani?

Kabla yake mafundi wa Kiingereza walitumia mwaloni na mjozi. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika. Shabaha ilikuwa mahitaji ya meli, lakini mahogani ya Karibi ikapita katika mlango huohuo, na ilipofika miaka ya 1730 ilikuwa imeanza kuupiku mjozi katika nyumba za wenye nacho.

Mafundi waliipenda kwa sababu za kazi. Mbao zake zilikuwa pana, hazikujikunja sana zikikauka, na moyo wake haupendwi na wadudu. Kubwa zaidi, ilikuwa na nguvu ya kuchongwa nyembamba bila kupasuka. Tazama ubao wa mgongo wa kiti cha miaka ya 1760: utepe wa mti wenye unene wa kidole, umepita juu na chini ya mwenzake kama ukindu unaosukwa, na bado umebeba migongo ya watu kwa miaka zaidi ya 250. Mjozi ungehitaji kuachwa mnene zaidi. Umbo la kiti lilibadilika kwa sababu mti wenyewe uliruhusu.

3. Mbao hiyo ilitoka wapi, na nani aliikata?

Mwanzoni ilitoka Jamaika, kisha Kuba na visiwa jirani. Huo ndio mti wa *Swietenia mahagoni*, mzito, wenye rangi ya damu ya mzee, mara nyingine wenye chembe nyeupe kama chokaa ndani ya vinyweleo vyake. Jamaika ilipokatwa ikaishiwa na miti iliyo karibu na bahari, biashara ikahamia pwani ya Ghuba ya Honduras, nchi tunayoiita leo Belize, penye *Swietenia macrophylla*, mwepesi kidogo na mkubwa zaidi.

Waliokata ni Waafrika waliotekwa utumwani. Kazi ilipangwa kwa vikosi. Kila kikosi kilikuwa na mtafutaji, mtu aliyepanda juu ya mti mrefu mwezi wa Agosti, wakati majani ya mahogani yanapogeuka rangi ya wekundu na manjano, akaona kwa mbali yalipo madoa ya rangi hiyo msituni. Mti ulikatwa kutoka kwenye jukwaa lililojengwa mita tatu au zaidi juu ya ardhi, kwa kuwa shina la chini limetanuka mno. Magogo yalivutwa na maksai usiku, kwa mwanga wa mienge, ili wanyama wasife kwa joto, kisha yakasubiri mvua ya Juni ijaze mito na kuyasukuma hadi pwani. Utumwa katika makoloni ya Uingereza ulifutwa kwa sheria ya 1833 iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Kwa hiyo takriban kila kiti kinachozungumziwa hapa kimetokana na kazi ya watu hao. Bendera ya Belize hadi leo ina mti wa mahogani na wakata miti wawili, na anayekiita kiti hiki urithi wa Kiingereza peke yake amesoma nusu ya habari.

4. Ni mti uleule na mkangazi wetu?

Hapana, ingawa ni ndugu wa ukoo mmoja. Mkangazi ni *Khaya anthotheca*, na jamaa zake wa *Khaya* wako Afrika Magharibi na Kati. Biashara huviita vyote mahogani. Zile *Swietenia* zilizopandwa Afrika Mashariki, ndiyo, hizo ni za asili ya Amerika ya Kati.

Tofauti hii inasaidia kukisia umri. Mahogani ya Afrika ilianza kuingia Uingereza kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo kiti kilichojengwa chote kwa *Khaya* hakiwezi kuwa cha 1760. Tafuta mahali mbao ilipokatwa kichwani, kwa mfano chini ya mguu. Sugua pole kwa wembe mpya, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia mara kumi. *Swietenia* ina mstari mwembamba wa rangi hafifu kwenye ukingo wa kila pete ya ukuaji. Kwenye *Khaya* mistari hiyo kwa kawaida haipo. Usijaribu kuamua kwa rangi, maana rangi hupakwa.

## Mitindo na majina

5. Nitajuaje kiti ni cha kipindi gani?

Anza na mguu wa mbele, kisha mgongo, kisha jinsi mkono unavyokutana na mhimili.

Miaka ya 1720 hadi 1740, mguu wa mbele umepinda kama herufi S, goti lake nene, na unyayo ni wa mviringo au ni ukucha ulioshika mpira. Ubao wa mgongo ni mzima, wenye umbo la chombo cha maua, na mabega ya mgongo yamezungushwa. Mikono mara nyingine huishia kwa kichwa cha tai.

Miaka ya 1750 na 1760 ubao wa mgongo unatobolewa. Taji linapinda kama upinde wa mshale na ncha zake kutokeza nje kama masikio. Miguu ya S inaendelea, lakini pembeni yake unaingia mguu mnyoofu wa pembe nne, ukingo wake wa ndani umepunguzwa kwa randa, na mataruma yanaufunga. Hapo ndipo unapokuta matao yenye ncha ya Kigothiki, na vimia vya mistari vilivyoigwa kwa Wachina.

Robert Adam, msanifu majengo, alirudi kutoka Italia mwaka 1758 na kuwarudisha wajenzi kwa Warumi na Wagiriki. Viti vilifuata baada ya muda: katika miaka ya 1770 na 1780 mgongo unakuwa yai au ngao, mguu unachongoka kuelekea chini, nakshi zinakuwa ndogo na bapa. Kitabu cha michoro cha George Hepplewhite, kilichochapishwa mwaka 1788 na mjane wake Alice, miaka miwili baada ya kifo chake, ndicho kilichofanya mgongo wa ngao uitwe kwa jina lake. Thomas Sheraton, aliyetoa michoro yake kuanzia 1791, alipendelea mgongo wa mraba wenye fito zilizosimama, na mkono unaoanzia juu mgongoni kisha ukateremka kwa mkunjo mrefu hadi kwenye nguzo iliyokerezwa.

Baada ya 1800 miguu inapinda kama upanga wa kitara, ya mbele kwenda mbele na ya nyuma kwenda nyuma, kwa kuiga viti vinavyoonekana kwenye vyungu vya Wagiriki wa kale. Taji linakuwa ubao mpana, na mkono unajiviringisha kama konokono. Ukiona taji lililochongwa kama kamba ya meli iliyosokotwa, ni kumbukumbu ya vita vya majini vya Trafalgar vya 1805. Kufikia miaka ya 1820 mguu wa mbele uliokerezwa, mnene na mnyoofu, unachukua nafasi ya kitara.

Tahadhari moja: fundi wa mji mdogo hakuacha mtindo siku London ilipouacha. Mguu mnyoofu wenye mataruma uliendelea kutengenezwa vijijini miaka 20 au 30 baada ya kupitwa. Mtindo hukupa mwaka ambao kiti hakiwezi kuwa cha kabla yake, basi.

6. Muuzaji anasema ni "Chippendale". Ina maana Chippendale alikitengeneza?

Karibu kila mara, la. Thomas Chippendale alizaliwa Otley, Yorkshire, mwaka 1718, akafanya kazi St Martin's Lane, London, na akafa 1779. Mwaka 1754 alitoa kitabu kikubwa cha michoro ya fanicha, kikachapwa tena 1755 na 1762. Kitabu kilinunuliwa na mafundi pia, na walioiga ni wengi kuliko wanaoweza kuhesabika. Kwa hiyo jina lake limekuwa jina la mtindo.

Hakugonga muhuri kwenye kazi zake. Kinachothibitisha ni karatasi: ankara na barua zilizobaki katika nyumba alizozihudumia, kama Harewood House na Nostell huko Yorkshire na Dumfries House huko Scotland. Tena jambo linalowashangaza wengi: ule ukucha ulioshika mpira, ambao watu hudhani ndiyo alama yake, haumo katika michoro ya viti ya kitabu chake. Ulikuwa umeanza kupitwa na wakati London.

Kampuni ya Gillow ya Lancaster ndiyo iliyogonga muhuri baadhi ya kazi zake, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Vitabu vyake vya michoro na makadirio vimehifadhiwa London, na mara nyingine kiti huweza kulinganishwa na mchoro wake.

7. Kiti cha Gainsborough ni kipi?

Ni kile kipana cha maktaba: mgongo na kikalio vimefunikwa kitambaa au ngozi, mikono iko wazi kwa chini, na juu ya mkono kuna mto mdogo wa kulazia kiwiko. Katika karne ya 18 kiliitwa kiti cha Kifaransa. Jina la mchoraji Gainsborough lilikuja baadaye. Kwa kuwa mti unaoonekana ni nguzo za mikono na miguu tu, hapo ndipo fundi alipomaliza ustadi wake wote, na hapo ndipo pa kutazama kwanza.

8. Kwa nini katika seti ya viti vya mezani ni viwili tu vyenye mikono?

Vilikaa vichwani mwa meza, vingine sita au zaidi vikakaa ubavuni. Kiti chenye mikono hakikuwa kiti cha kawaida kilichoongezwa mikono. Kilitengenezwa kipana tangu mwanzo, kwa kawaida sm 5 au zaidi kwa mbele. Kipimo hiki kinarudi katika swali la 11.

9. Kina uhusiano na kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar?

Hakuna ukoo wa moja kwa moja. Kiti cha enzi ni cha mpingo, kina vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa, mgongo na kikalio vya kamba iliyosukwa, na ubao wa kuwekea miguu. Kiti cha Kiingereza kinategemea uchongaji na mkunjo, na kikalio chake ni cha kujazwa. Wanachoshirikiana ni cheo: kote kuwili, mikono ya kiti ilimwambia mgeni nani ndiye mkubwa chumbani.

## Kukagua kabla ya kununua

10. Nianzie wapi?

Kigeuze. Chukua tochi, futi kamba na kioo cha kukuzia, toa kikalio kama kinatoka, na soma upande ambao hakuna aliyeupamba.

Upande wa ndani wa fremu ya kikalio uwe mkavu, wa kijivu au hudhurungi, bila vanishi wala rangi. Ukikuta umepakwa rangi nyeusi, uliza kinachofichwa. Alama za msumeno ziwe mistari iliyonyooka isiyolingana. Zikiwa za tao, ni msumeno wa duara, na huo ulienea karne ya 19. Viungo vya mwanzo ni vya ulimi unaoingia kwenye tundu, mara nyingine umefungwa kwa kijiti cha mti. Viungo vya vijiti viwili vya duara ni vya kiwandani, vya baadaye.

Kisha tazama pale ubao wa mgongo unapokutana na mbao ya nyuma ya fremu. Katika kiti cha Kiingereza cha karne ya 18, ubao huo huingia kwenye kipande kidogo kilichochongwa peke yake na kugundishwa juu ya fremu, ambacho mafundi hukiita kiatu. Utaona mstari wa kiungo kati ya kiatu na fremu. Nakala nyingi za karne ya 19 na 20 zimechonga kiatu na fremu katika mti mmoja, na mstari huo haupo.

Skrubu nazo zinasema. Za kabla ya miaka ya 1840 zina ncha butu, mkato wa kichwani uliokaa upande, na hatua (mikato ya kujipinda ya shina lake) zisizolingana kwa kuwa zilipigwa tupa kwa mkono. Skrubu yenye ncha kali ni ya baadaye, ingawa huenda ni ya ukarabati tu.

Mwisho, pima nguzo iliyokerezwa kwa pande mbili zinazokatana. Mti husinyaa zaidi kwa upana wa nyuzi, hivyo nguzo iliyokuwa duara kamili miaka 200 iliyopita leo ni yai kidogo, tofauti ya milimita moja au zaidi. Duara kamili ni dalili ya uchanga.

11. Nitajuaje kama mikono imeongezwa baadaye?

Hili hufanywa kwa sababu kiti chenye mikono kina bei kubwa kuliko kisicho nayo. Pima upana wa kikalio mbele. Kisicho na mikono kwa kawaida kiko sm 50 hadi 54. Chenye mikono sm 56 hadi 62. Mikono kwenye kikalio cha sm 51 ni ya kutiliwa shaka, na ukikalia utajua mwenyewe, viwiko vinabanwa.

Kisha fuata nguzo ya mkono hadi kwenye fremu. Iwe imekaa ndani ya mkato safi, na skrubu imeingia kutoka ndani ya fremu. Angalia kama mkato huo umekata nakshi au mfinyango wa ukingo uliokuwapo. Fundi wa kwanza asingechonga kitu ambacho angekikata mwenyewe. Mwisho kabisa linganisha nyuzi na rangi ya mkono na za mhimili kwenye mwanga wa dirishani.

12. Seti ya viti nane inaweza kuwa na viti bandia ndani yake?

Ndiyo, na ujanja wake ni huu: seti ya sita inavunjwa, kila kiti kinatoa kipande kimoja au viwili, na vipande hivyo vinajengewa viti viwili zaidi. Kila kiti basi kina mti wa zamani na kila kiti kina mti mpya. Panga vyote kwa mstari na tazama kipande kilekile katika kila kimoja: mguu wa mbele wa kushoto wote, kisha taji lote, kisha mbao ya nyuma ya fremu. Kipande chenye nyuzi au rangi tofauti hujitokeza.

Tafuta pia namba za Kirumi zilizochanjwa kwa patasi ndani ya fremu na kwenye fremu ya kikalio kinachotoka. Kikalio cha VII ndani ya kiti cha III si tatizo, vilichanganywa wakati wa kusafisha. Viti viwili vyenye namba III katika seti moja ni tatizo.

13. Maneno ya katalogi ya mnada yasomweje?

“George III” peke yake ni madai ya umri: 1760 hadi 1820. “George III style” ni madai ya umbo tu. Kiti kinaweza kuwa cha 1920. “Carver” ni kiti chenye mikono cha seti ya mezani. Neno “restorations” (ukarabati) likikaa mwisho wa maelezo bila ufafanuzi, andika kuomba taarifa ya hali ya kiti pamoja na picha za chini, na usitoe bei mpaka uzipate.

## Matunzo na ukarabati

14. Kisafishwe kwa kitu gani?

Kitambaa laini kikavu kila wiki, na nta mara moja au mbili kwa mwaka. Nta unaweza kuipika: gramu 100 za nta ya nyuki zilizokwanguliwa ndani ya mililita 250 za tarpentini, chombo kikiwa ndani ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa. Usipike juu ya moto, mvuke wa tarpentini huwaka. Paka kidogo sana, subiri dakika 20, sugua hadi kidole kisiache alama.

Epuka dawa za kupuliza zenye silikoni, zinaingia ndani ya vinyweleo na vanishi ya baadaye haishiki. Mafuta ya kitani nayo, yaliyosifiwa na wazee, hukauka yakawa utando mweusi unaonata vumbi.

Usikiweke kwenye jua la dirishani. Mahogani ya zamani hufifia ikawa kama majani makavu, upande mmoja tu.

15. Nikipige msasa na vanishi mpya?

Tafadhali usifanye hivyo. Tabaka la juu la mti, nusu milimita hivi, limebeba rangi ambayo mwanga, mikono na nta vimeijenga kwa karne mbili. Msasa unaitoa kwa dakika kumi na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Ukingo wa nakshi nao unakuwa butu, mikato ya patasi inapotea.

Kama tabaka la juu limechoka tu, jua kwanza ni nini. Weka tone la spiriti mahali pa siri: likilainika na kunata, ni shelaki, utomvu wa mdudu unaoyeyuka kwenye spiriti. Polishi hiyo ya Kifaransa ilienea Uingereza kuanzia miaka ya 1820 hivi, na viti vingi vya awali vilipakwa baadaye. Shelaki mpya huungana na ya zamani, kwa hiyo hurekebishwa bila kukwangua. Vanishi ya kisasa ya plastiki haina ukarimu huo.

16. Kiungo kimelegea, kiti kinayumba. Nifanyeje?

Acha kukikalia. Kiungo kimoja kilicholegea hutwika mzigo wenzake, kisha ulimi unakatika ndani ya tundu. Kosa la kawaida ni kumimina gundi nyeupe ya mbao kwenye ufa: haishiki juu ya gundi ya zamani, na inamzibia njia fundi atakayefuata. Pili ni kupiga msumari au kibati cha chuma kwenye kona. Kiti kikiendelea kuyumba, chuma kinapasua mti.

Njia sahihi ni kukifungua. Gundi ya zamani ni ya ngozi ya wanyama, hulegea kwa maji ya moto na spiriti. Weka alama kila kipande kwa karatasi ya kunata kabla ya kukitoa. Gonga kwa nyundo ya mpira, na kama kiungo kinagoma, tafuta kijiti au skrubu iliyofichwa, usilazimishe. Safisha ndimi na matundu kwa maji ya uvuguvugu na mswaki, bila kukwangua mti, kisha acha zikauke siku nzima.

Gundi mpya iwe ya ngozi vilevile: sehemu moja ya chembechembe kwa mbili za maji kwa uzito, iloweke saa kadhaa, ipashwe hadi nyuzijoto 60 na isichemke, maana ikichemka inapoteza nguvu. Jaribu kuunganisha kiti chote pakavu kwanza, klampu zikiwa na vipande vya kitambaa. Ukishapaka gundi una dakika chache tu. Pima mishazari miwili ya kikalio; vipimo visipolingana, sogeza klampu. Simamisha kiti juu ya sakafu iliyo sawa na ukiache saa 24.

17. Kikalio kijazwe sponji?

Umbo litaharibika: sponji hujaa katikati kama andazi, wakati kikalio cha zamani kina ukingo mkali na uso ulioinuka kidogo. Mpangilio wa asili ni mikanda ya kufumwa, kitambaa cha gunia, singa za farasi, pamba, kisha kitambaa cha juu. Springi hazikuwamo kabla ya miaka ya 1820.

Kwa kikalio kinachotoka, hatari kubwa ni kitambaa kinene kuwekwa juu ya cha zamani. Kikalio kinakuwa kikubwa kuliko nafasi yake, mtu anakisukuma kwa ngumi, na viungo vya kona vinaachia. Baada ya kufunika, ibaki nafasi ya milimita 2 hivi kila upande.

Viti vya kufunikwa kama kile cha swali la 7 mara nyingi vina fremu ya mti mweupe wa Ulaya, hasa beech, iliyofichwa chini ya kitambaa. Kila fundi amepiga misumari yake pale, na baada ya karne mbili mbao imekuwa kama chekeche. Mwambie fundi atumie misumari midogo na asirudie mashimo ya zamani. Anayenunua naye anufaike: fremu yenye safu moja tu ya mashimo haijaishi miaka 250.

18. Nimeona vitundu na unga. Ni bungua?

Unga mweupe mpya chini ya kiti una maana mdudu yuko kazini. Vitundu vitupu vya rangi nyeusi ni vya zamani. Bungua wa fanicha wa Ulaya huacha kitundu cha duara cha milimita 1.5 hadi 2. Atakuwa kwenye ile mbao nyeupe ya fremu, kwa nadra sana ndani ya moyo wa mahogani. Fremu ya kikalio ikitoka, ifunge kwenye plastiki na uigandishe kwa nyuzijoto −18 muda wa wiki mbili.

Ukiona badala ya vitundu mifereji mirefu iliyo wazi juu ya uso wa mti, simama. Mdudu hatembei nje. Mtu amekata mbao iliyokwisha kuliwa ili atengenezee kitu kinachoonekana cha zamani.

## Mambo ya pembeni

19. Nikinunua Uingereza nikatuma Mombasa au Dar es Salaam?

Mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, umeorodhesha *Swietenia* za Amerika katika Kiambatisho cha Pili, na *Khaya* za Afrika zilifuata kwa uamuzi wa 2022, lakini orodha hizo zinagusa magogo, mbao na bidhaa za mbao zisizokamilika. Kiti kilichokamilika hakimo. Kreti ya kufungia ndiyo yenye masharti: iwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kutibu mbao za kufungia mizigo dhidi ya wadudu. Katika mfumo wa kimataifa wa forodha, vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 vina kifungu chao, 9706, kwa hiyo hakikisha ankara inataja umri wa kiti na mwambie wakala wako mapema.

Tabianchi ndiyo mtihani. Kiti kilichokaa kwenye nyumba yenye hita kimekauka. Kikifika pwani kinavimba, na kikalio kinachotoka kinaweza kukwama. Kipitishe taratibu: chumba chenye kivuli, mbali na kiyoyozi, wiki kadhaa kabla ya kukitumia. Ukihamishia Nairobi, mambo hugeuka, viungo vinasinyaa na kulegea. Panapowezekana, unyevunyevu ubaki kati ya asilimia 45 na 60.

20. Naishi Uingereza. Nikikifunika upya, sheria za moto zinakibana?

Kanuni za usalama wa moto za fanicha za 1988 haziwahusu viti vilivyotengenezwa kabla ya 1950, pamoja na vifaa vya kuvifunikia upya. Singa za farasi zinaruhusiwa.

21. Nakala ya enzi ya Victoria au Edward haina thamani?

Inayo. Nyingine zilijengwa kwa mahogani bora na mkono hodari, na kwa kukaliwa kila siku zinafaa kuliko kiti dhaifu cha 1740. Bei ya fanicha za mahogani imeshuka sana Uingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nakala nzuri leo inaweza kupatikana kwa bei iliyo chini ya kiti kipya cha dukani. Ilipiwe tu kama nakala.

22. Fundi wangu anaweza kunakili kiti kama hiki?

Anaweza, kwa mkangazi uliokauka vizuri. Mguu wa nyuma ukatwe kwenye ubao wa unene wa sm 5 na upana wa sm 12 hadi 15, kwa sababu ya mkunjo. Nyuzi zifuate urefu wa mguu, zikikatiza kwenye kiwiko cha mkunjo mguu utavunjika hapohapo. Mguu wa S wa mbele unahitaji gogo la mraba la sm 7 hivi, na masikio ya goti, vile vipande vidogo vinavyolipanua pande mbili, hugundishwa pembeni, hayachongwi kwenye gogo moja.

Wengi hukosea kwenye mkono. Unapinda kwa upana na kwa kimo kwa wakati mmoja, hivyo mchoro mmoja hautoshi: tengeneza kiolezo cha kutazama kwa juu na kingine cha kutazama ubavuni, chora vyote viwili kwenye mti, kata upande wa kwanza, rudisha mabaki mahali pake kwa karatasi ya kunata ili mistari isipotee, kisha kata wa pili. Usikamilishe kuchonga kabla ya kuujaribu mkono kwenye kiti kilichokwisha kusimama. Sehemu ya mwisho, pale mkono unapoungana na mhimili, huchongwa ukiwa tayari umegundishwa, ili mkunjo upite kutoka mti mmoja hadi mwingine bila kidole kuhisi mpaka.